Mbio za Kufidia Sabato

Mong'ina wa Oyugis ni mkaidi, na mimi jirani yake nasema hivyo kwa sababu nampenda. Kila mwaka alikwenda Homa Bay kuomba upolisi, kila mwaka akarudi kwenye nyanya zake sokoni. Safari hii ilikuwa ya mwisho, maana umri wa kuandikwa ulikuwa unamtupa mkono.

Usaili, ambao huanza kwa mbio, ulikuwa Jumatatu. Mong'ina ni Msabato kamili. Jumamosi hakimbii hata akifukuzwa na nyuki. Basi Ijumaa mchana akateremka mbio hadi mtoni, akapanda, akateremka tena. Nikamkuta anahema.

"Kwani umeibia nani?" nikamtania.

"Si kesho ni Sabato, Mama Edinah? Ile raundi ya kwanza ilikuwa ya leo. Hii ni ya kesho."

Nikamwambia mwili hauendi hivyo. Akacheka, akateremka tena.

Jumamosi alikaa kanisani mapaja yamekaza. Mungu alikuwa amempa siku nzima ya kupumzika, naye alikuwa ameshaiharibu. Hata jioni hakujinyoosha wala kutembea kidogo ili miguu ilegee. Alijilaza tu.

Jumapili hakuweza kuchuchumaa chooni. Mama yake, Orpah, akachemsha maji, akaanza kumkanda taratibu kwa kitambaa.

"Kanda na nguvu, mama! Hii uchungu itoke!"

Orpah akaminya mpaka binti akapiga mayowe. Kisha, Mungu wangu, yule mtu akatoka kukimbia tena, eti dawa ya moto ni moto. Nilitamani kumfungia ndani. Msuli uliochoka unataka pole, hautaki vita.

Jumatatu nilimsindikiza hadi uwanjani Homa Bay. Alianza vizuri, akiwa katikati ya wenzake. Mzunguko wa pili mapaja yakakataa. Nilimwona akiyapiga kwa ngumi huku anakimbia, machozi yanamtoka, na wasichana wadogo wanampita mmoja mmoja. Nililia pale kando ya uwanja bila aibu. Mwishowe akawa anatembea.

Afisa akamfuata. Hakuwa mtu mbaya.

"Siste, toka kando. Enda upumzike vizuri, ujaribu mwaka ujao."

Mong'ina akasimama wima.

"Asante, afande," akajibu kwa heshima, kama mtu ambaye mwaka ujao anao.