Gurudumu Lililokuwa Mbele Yangu

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi lori lilipotupita, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuitazama, nikitaka kujua kama zamu ya mwenzangu Mutuku ya kutangulia imekwisha. Sisimulii jambo la kuambiwa. Lilinipata mimi mwenyewe, na usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi nilichukua muda kulikubali.

Nauza vipuri vya pampu za maji mjini Garissa. Shule niliiacha mapema, mengine nimejisomea. Katika kitabu kimoja cha zamani nilisoma jinsi watu wanavyokwenda likizo kwa baiskeli kule Ufaransa, siku nyingi mfululizo, wakifuata mifereji ya maji na mashamba ya mizabibu, wakilala popote jioni inapowakuta. Nikamwambia Mutuku, mwalimu kutoka Machakos aliyekuwa rafiki yangu kuliko wote: sisi tuna mto Tana, tuna mifereji ya mashamba, na badala ya zabibu tuna ndizi na tikiti. Kwa nini tusiende? Akacheka. "Mzee wa vitabu, wewe una wazimu." Hata hivyo, shule zilipofungwa mwezi wa Agosti tukaondoka kuelekea Bura na Masalani.

Jambo moja lazima ulijue. Mutuku ana figo moja. Nyingine alimpa dada yake. Daktari alimwonya asikae na kiu. Basi tuligawana mizigo hivi: yeye alibeba hema, chakula na vifaa vya pancha, mimi, kwa kuwa baiskeli yangu ni nzito na imara, nilibeba maji yote, jerikeni mbili kwenye keria. Ulikuwa mpango mbaya, lakini siku ile tuliuona wa akili.

Siku ya pili upepo wa kusini ulitupiga usoni. Waendesha baiskeli wana njia yao ya kuushinda: mmoja anatangulia kuukata, mwingine anamfuata karibu kabisa, macho kwenye gurudumu la mwenzake, kisha wanabadilishana. Anayechoka huinua mkono na kusogea pembeni. Asubuhi hiyo Mutuku alikuwa na maneno mengi.

"Leo nakuvuta mpaka Bura kama punda na mkokoteni."

"Basi punda aangalie barabara," nikamjibu.

Lori la mifugo likatupita. Vumbi likawa jeupe kama unga, nikafumba macho kidogo. Nilipoyafumbua, gurudumu la nyuma lilikuwa palepale mbele yangu, na juu yake lile hema la buluu. Nikaendelea. Wewe ungefanya nini?

Zamu yake ikapita, na hakuinua mkono. Nikadhani ananionyesha ubingwa. "Mwalimu, zamu yangu!" Hakugeuka. Tukaacha barabara tukaingia njia ya mifugo, nami nikadhani amepata njia ya mkato. Cha ajabu, sikuwa nachoka. Upepo sikuusikia tena. Mnyororo wake, uliokuwa ukilia tangu Garissa, ulikuwa kimya, nami nikaona raha tu.

Aliyenisimamisha ni mama mmoja Msomali aliyekuwa akichunga mbuzi.

"Waryaa! Wewe nafuata nani?"

"Mwenzangu, mama. Huyo hapo mbele."

"Mbele gani? Mimi naona wewe beke yako." Akaelekeza fimbo chini. "Angalia mchanga."

Nikaangalia. Nyuma yangu kulikuwa na alama ya baiskeli moja. Mbele, mahali ambapo gurudumu lile lilikuwa limepita sasa hivi, kulikuwa na alama za kwato za mbuzi tu. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu.

"Audhubillahi," mama akasema, akirudi nyuma. "Rudi na alama yako. Kama iko mtu ulimwacha, rudi haraka."

Nilimfikia Mutuku alasiri. Alikuwa amelala kando ya barabara chini ya kichaka cha mathenge, miiba yake imetoboa tairi zote mbili na viraka vimemwishia. Mto haukuwa mbali, ila kichaka chote kile kilikuwa katikati, na nguvu hakuwa nazo. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilipomwekea jerikeni mdomoni, aliusukuma mkono wangu.

"Sasa ndio unanipa?"

"Mutuku, ndio kwanza nafika."

"Unafika kutoka wapi? Umekaa hapo muda wote ukinitazama. Nimekuomba maji. Ukawa unayamwaga chini, kidogo kidogo."

Nilitazama alipoonyesha. Mchanga ulikuwa umelowa. Nikaenda kwenye baiskeli kutazama jerikeni ya pili. Kifuniko kilikuwa kimekazwa vilevile nilivyokikaza alfajiri. Ndani hapakuwa na tone.

Alikunywa hatimaye, na gari la mboga likatufikisha hospitalini Garissa. Hakufa. Lakini figo ile haikurudi kama zamani; sasa damu yake husafishwa kwa mashine, huko kwao Machakos alikohamia. Nimejieleza mara nyingi kwamba jua kali humfanya mtu aone visivyokuwepo, na sisi tulikuwa wawili juani. Maelezo hayo hunitosha mpaka nifike kwenye ile jerikeni. Simu zangu Mutuku hapokei. Hupokea mkewe. "Shemeji, mimi nakuamini," aliniambia mara ya mwisho. "Lakini akisikia jina lako anatuambia tufunge mlango."

Kwa hiyo nakuonya. Ukisafiri nyuma ya mtu, usiridhike na gurudumu lake. Mzungumzishe. Asipokujibu, shuka hapohapo urudi ulikotoka, kwa maana huyo unayemfuata huenda hana shida nawe hata kidogo. Anayetafutwa ni yule uliyemwacha nyuma.