Mlango wa Upande wa Migomba

Nakumbuka Jumamosi moja ya manyunyu, mwanangu, nimesimama juu ya kiti nikinyoosha picha ukutani, mara nikamsikia mama yangu akicheka nje, nyuma ya nyumba. Nilishtuka. Tangu ahamie kwangu sikuwa nimesikia kicheko chake.

Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka ya baada ya Vita vya Pili, kahawa ilipokuwa na bei nzuri huku kwetu kwenye miteremko ya Meru. Kila aliyejaliwa alijenga nyumba ya pembe nne, bati juu, saruji chini, mlango ukitazama barabara. Huo mlango ndio uliokuwa fasheni yenyewe. Nyumba isiyoonekana na wapita njia ilihesabiwa kama haijajengwa. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, kijana wa kuwaza jambo dogo hadi likamnyima usingizi, nikajenga kama wenzangu. Kisha nikamtoa mama kwenye nyumba yake ya nyasi iliyokuwa inavuja, maana kifua chake kilikuwa kibovu na masika yalikuwa yanakaribia.

Alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Baada ya muda akaniambia kwa upole kwamba atahamia kwa dada yangu, Oldonyo Sambu. Unaujua upande ule wa mlima, mwanangu, upepo wake na vumbi lake. Kwa kifua kile, niliona anakwenda kufa.

Nikawaza, nikawazua, nikaamua kwamba nyumba haijapendeza vya kutosha. Nikateremka mjini kwa Mhindi muuza vitambaa, nikasimama mbele ya mapazia mpaka akachoka nami.

"Chukua ya maua, mwalimu. Hata memsahibu wa shamba la kahawa amenunua."

"Na haya ya ndege?"

"Ya ndege pia amenunua."

"Unaona yapi yatamfurahisha mama?"

"Mama ni wako, mwalimu. Mimi nauza kitambaa tu."

Nikanunua yote mawili. Nikaongeza picha ya mlima wa Ulaya wenye theluji, na Meru wenyewe upo pale nje unatutazama bure. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nainyoosha niliposikia kicheko.

Nilizunguka nyumba nikamkuta mama amechuchumaa chini ya ukingo wa bati, pamoja na mama Naishiye, rafiki yake tangu usichana, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya migomba yetu. Walikuwa wanapokezana ugoro huku manyunyu yanawalowesha miguu.

"Shikamoo, mama Naishiye. Mbona mnakaa kwenye baridi? Ingieni ndani, viti vipo."

"Marahaba, mwalimu. Tuingilie wapi?" Akaupigapiga ukuta kwa kiganja. "Nimekuja kwa njia ya migombani, ile ninayopita tangu nilipoolewa, nikakuta ukuta. Nyumba yako imetugeuzia mgongo. Wenzangu wanasema umetufukuza."

"Si mngezunguka tu mpaka mbele?"

"Kule barabarani? Nikabishe hodi kama nimeitwa barazani kushtakiwa?"

Mama akacheka tena, kisha kikohozi kikamshika, akajikunja.

Kwetu, mwanangu, mtu wa karibu hupita migombani. Barabara ilikuwa ya mgeni, ya karani na ya mtoza kodi. Jirani huliita jina lako kutoka kwenye migomba kabla hujamwona, na ukiitika yuko ndani. Nilizaliwa humo, nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini wakati wa kujenga nilikuwa natazama nyumba za wengine.

"Yeyo," nikamwita mama, kama tunavyowaita mama zetu sisi Waarusha, "kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana na nyumba yako. Nikaona bora niondoke, nisikuharibie."

Ungedhani nilichukua sururu saa ile ile. Wapi! Nilianza kuwaza watu watasemaje. Nikamdokeza mwalimu mwenzangu, Yakobo, kwamba nafikiria kutoboa mlango upande wa migomba, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mlango wa nyuma? Huo ni wa mpishi, bwana! Kwa Wazungu mama yako angepita hapo na mzigo wa kuni." Basi nikarudi nyumbani, nikauchora mlango kwenye karatasi, nikaufuta, nikauchora tena.

Nilikuwa bado nachora siku mama alipotandaza kaniki sakafuni na kuanza kufunga vitu vyake. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa anakuja na punda kumchukua. Nikaacha kalamu pale pale. Nikatoka na sururu, nikaipiga kwenye ukuta wa nyuma.

Mama akatoka mbio. "Wewe! Unabomoa nyumba yako!"

"Nionyeshe mlango uwe wapi, Yeyo."

Akanyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Hapo. Na uwe mpana, mama Naishiye amenenepa." Kisha, kana kwamba amekumbuka kuwa ni kwake pia, akaongeza: "Na chumba hiki saruji uitoe. Tukinusa ugoro, tuteme wapi?"

Saruji nikaibandua. Akasiriba sakafu kwa mikono yake, akapanga mafiga matatu, akatundika kibuyu cha maziwa mahali pa ile picha yangu. Mapazia aliyakataa yote mawili, ya maua na ya ndege, akasema anataka kuona nani anakuja.

Shemeji alipofika na punda wake, alisikia jina la mama likiitwa kutoka migombani, likaitwa tena na sauti nyingine. Ndani wanawake walikuwa wamejaa, hata pa kukanyaga hapakuwapo. Mama hakuinuka. "Mwambie binti yangu aje yeye," akamwambia. "Mimi nina wageni." Punda wakarudi Oldonyo Sambu wamebeba ndizi.

Sasa wewe, mwanangu, umenionyesha picha za sebule unazotaka kuiga kwenye nyumba yako mpya kule Njiro, mjini. Nimeziona, ni nzuri. Sikukatazi vigae wala taa. Ila kabla hujamwita fundi, keti na wale utakaoishi nao. Waulize wanapenda kukaa wapi, wageni wao wanapitia wapi, na kipi wanakivumilia kimyakimya kwa sababu wanakupenda. Usingoje mtu afunge mizigo ndipo uulize. Na ukishajua, fanya, hata kama mtaa mzima hauna nyumba ya namna hiyo. Wanaokuja kukucheka hurudi kwao jioni. Anayebaki humo ni wa kwako.

Mungu akujengee, mwanangu. Wanaoingia kwako waingie bila hofu, na utakapozeeka, uwe na mtu wa kukuita kwa jina kabla hajafika mlangoni.