Benchi za Watu Thelathini na Sita

Jirani yangu Kizito Wabwile ni Myahudi. Najua jina linakataa. Alipozaliwa baba yake alikuwa bado Mkatoliki, na mzee alipohama dini alihama na kila kitu isipokuwa jina la mtoto, maana cheti cha kuzaliwa kilishatoka na kukibadilisha pale Bungoma kungemla siku tatu. Mimi naitwa Mukhisa, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kanisa la Friends pale Lugulu. Kati ya boma langu na la Kizito kuna ua wa michongoma tu, na mbuzi wake hawautambui.

Kizito ni seremala. Ukipita kati ya Kitale na Bungoma ukaona mlango unaofunga bila kupigwa teke, nitakwambia ni wake, na mara nyingi sitakosea. Ni mtu mpole. Upole wenyewe hunikera, kwa sababu yeye huumia kimyakimya halafu mimi ndiye nakosa usingizi.

Sinagogi yao, chumba cha udongo chenye paa la mabati, ilianzishwa na baba yake, Mzee Wekoye. Sala zao kubwa hazisaliwi mpaka wapatikane wanaume kumi wa Kiyahudi. Wanawake hawahesabiwi, na Nasambu, mke wa Kizito, anayebeba gunia la mahindi peke yake, ana maoni yake juu ya hilo na huyatoa kwa sauti. Wanaume walikuwa kumi kamili, wanane wa hapa na wawili wa Kitale. Kisha Agosti 2005 mzee akafariki, wakabaki tisa.

Sasa, kuna sala ambayo mtoto humsomea baba yake aliyefariki. Wanaiita Kadishi, nayo haisomwi bila wale kumi. Kizito alijifunza sala hiyo kwa kaseti, miezi mitatu, akipiga randa huku akirudiarudia, mpaka mimi Mfriends nikaijua nusu. Mwaka karibu uishe na hakuwa ameisoma hata mara moja. Niliwahi kwenda kukaa pale nyuma nikidhani nitasaidia. Mtu mzima, mwenye meno yote, na sikuhesabika. Nilirudi nyumbani nimekasirika na sikujua nimkasirikie nani.

Ndipo barua ikaja. Kundi la kujitolea kutoka ng'ambo lingekuja Julai, kwa wiki mbili, kusaidia jamii ya Wayahudi. Kwa kalenda ya Kiyahudi, kumbukumbu ya mwaka ya Mzee Wekoye ilikuwa inaangukia Alhamisi ya wiki ya pili. Nilimwona Kizito akicheka peke yake karakana.

Barua ilikuja na fomu. Penye mahitaji Kizito aliandika: mtu mmoja, mwanamume. Kamati ya sinagogi ikafuta, ati wageni watadhani tumechanganyikiwa, ikaandika: benchi, choo, rangi. Chini yake fomu ikauliza idadi ya waumini, na hapo kukawa na shida. Wayahudi hawahesabu vichwa vya watu. Wazee wetu Wabukusu nao hawakutaka watoto wahesabiwe, na Mzee Wekoye alikuwa akitumia jambo hilo kuthibitisha kwamba tulikuwa Wayahudi tangu zamani, ila hatukuambiwa. Wakitaka kujua kama kumi wametimia, hunyoosha kidole na kusema: si mmoja, si wawili, si watatu. Fomu haikuwa na nafasi ya "si". Basi kamati ikahesabu kofia, zile ndogo za kusalia, zilizokuwa kwenye kasha. Kwa bahati mbaya Nasambu alikuwa ametoka kushona nyingi za kuuzia wageni. Wakajaza: wanaume thelathini na sita.

Wageni walifika kumi na watatu, na mbao za benchi za watu thelathini na sita. Mbao zenyewe za mkaratusi, mbichi, bado zinatoa maji. Kizito alizigusa, akajipangusa maji vidoleni. Programu ilisema wageni ndio watakaojenga, kwa hiyo fundi wa miaka ishirini akapewa kazi ya kushika misumari. Kati yao alikuwemo daktari wa meno, mwanamume mnene wa miaka hamsini na kitu, ambaye wanakijiji walimpa jina la Wafula kwa sababu aliingia na mvua. Nusu ya kijiji ilikuwa na jino bovu. Wafula akapewa brashi, apake madirisha rangi ya bluu.

Kizito alimwendea kiongozi wa kundi, msichana mchangamfu mwenye filimbi shingoni, akamuuliza ni yupi kati yao Myahudi. Alirudi kwangu uani amelegea.

"Bana Mukhisa, ati hawaulizani dini. Ati ni makosa."

"Si uwaulize wewe mwenyewe, mmoja mmoja!"

"Mgeni amekuja kukuchimbia choo, unamuuliza mama yake ni nani? Najua kwetu Uyahudi hufuata mama, lakini hapana. Hiyo si heshima."

Nilimwambia heshima yake itamzika bila sala. Nilijuta kabla sijamaliza kusema.

Alhamisi ikafika. Programu ilisema: mapangoni, Mlima Elgon. Kizito alikuwa amemwomba yule msichana wasogeze safari hadi Ijumaa, wageni wakae sinagogi saa moja tu. Yule msichana akamuuliza watakuwa wakifanya nini hiyo saa moja. Kizito akasema: "Kukaa." Msichana akamweleza kwa huruma kwamba kundi lake halikutoka mbali hivyo kuja kukaa.

Wawili wa Kitale walifika asubuhi. Mimi nikachukua nafasi yangu ya nyuma isiyo na thamani. Kizito akanyoosha kidole: si mmoja, si wawili, hadi si tisa. Akakaa. Benchi mpya za watu thelathini na sita zikinuka maji ya mti, na watu tisa. Nilitamani kulia.

Mlango wa choo kipya ukalia. Akatoka Wafula, uso wa kijivu, akishika tumbo. Mursiki wa jirani, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, ulikuwa umemshinda, akaachwa asiende mapangoni. Alipofika mlangoni akatuona, aliomba radhi, akachovya brashi yake kwenye rangi, akasema atajitahidi amalizie lile dirisha la mwisho.

Kizito akasimama. Nadhani ile heshima ilimwishia hapo hapo.

"Daktari, samahani sana. Mama yako ni nani?"

Mtu yule alitutazama mmoja mmoja. "Mama alikuwa Myahudi," akasema. "Lakini mimi sikuja kwa ajili ya hayo. Niliomba mradi wa kasa baharini, wakaniambia umejaa. Siamini chochote, nisiwadanganye."

"Sijakuuliza hiyo. Ingia ukae."

"Nifanye nini?"

"Hakuna kitu. Kaa tu, bana."

Akaingia, na brashi mkononi. Kizito akanyoosha kidole: si kumi. Akaisoma Kadishi ya baba yake yote, bila kuangalia karatasi. Mahali pa kuitikia, wa kwanza kuitikia hakuwa wa Bungoma wala Kitale. Wafula aliitikia kabla yao wote, macho yamefumbwa, na rangi ya bluu ikimchuruzikia kwenye kiatu. Nami niliitikia, nihesabiwe nisihesabiwe.

Jumapili waliondoka, wamepiga picha kwenye benchi. Ukutani waliacha karatasi ya saa ambazo kila mmoja alisaidia. Kwenye mstari wa Wafula, Jumatatu ilikuwa saa sita, Jumanne sita, Jumatano sita. Alhamisi: sifuri, mgonjwa, hakusaidia.

Benchi zilipinda kabla ya Desemba. Kizito aliibandua ile karatasi, akaitengenezea fremu kwa mbao kavu ya mwerezi aliyokuwa amejiwekea ya kutengenezea kitanda chake, akaitundika chini ya picha ya mzee. Mwaka uliofuata kundi jingine likaja, na kiongozi wao akauliza kwa nini karatasi ya kazi imewekewa fremu. Kizito akaweka kidole juu ya ile sifuri.

"Hapa," akasema, "ndio mlitusaidia."