Jina la Matika, Aliyesaga Unga Bomani

Naomba mnifichie jina, maana ndugu zangu wengi wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Dodoma. Si msemaji, nyumbani wananitania kwamba nimeolewa na vitabu. Lakini hili limenishinda kukaa nalo.

Dada yangu amejifungua mtoto wa kike. Alitaka kumwita Matika, jina la mwanamke aliyemlea bibi yetu. Babu, mkubwa wa ukoo, akagonga fimbo chini. "Matika yule wa Wajerumani? Jina la malaya wa bomani lisiingie nyumba hii!"  Nikainamia sahani yangu, na ukweli ninaujua mimi peke yangu.

Bibi alinieleza kabla hajafariki. Wakati wa vita, Wajerumani waliwakusanya wanawake bomani kusaga mtama wa askari. Askari wakija kuchukua unga wa safari, walizungumza hovyo mbele yao: kesho tunakwenda kijiji fulani kukamata ng'ombe na wapagazi. Matika akishasikia, alikwenda kisimani kugombana na mke mwenzake.

"Mvivu wewe, hata mume amekuchoka!"

"Nani wa kukutaka wewe, unanuka pumba!"

Wanarukiana, wanagaagaa mchangani, askari wanacheka mpaka machozi. Wakiwa wamekabana hivyo, Matika anamnong'oneza mwenzake jina la kijiji, naye anapeleka habari huko. Askari wakifika huko, wanakuta mazizi matupu.

Ikawa hivyo safari baada ya safari, hadi mkubwa wa boma akawashuku wasagaji. Akaapa kwamba askari wakikuta mazizi matupu tena, wanawake wote wa mawe ya kusagia watanyongwa. Na safari iliyofuata ilikuwa ya kwenda kijijini kwa Chilongani, kaka yake Matika, tumbo moja.

Bibi alinishika mkono. "Siku hiyo kisimani walisalimiana vizuri, mjukuu wangu. Mke mwenza akasimama anangoja matusi. Matika akajaza kibuyu, akajitwika, akaondoka."

Chilongani alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi. Babu huyu anayegonga fimbo ni mjukuu wake, na jina la Chilongani ndilo analolitumia yeye mpaka leo.

Jumapili mtoto anapewa jina. Sisomi, sili vizuri, nazunguka uani hadi mama anauliza nimepoteza nini. Nikinyamaza, Matika atabaki malaya, na hakuwa malaya. Aliokoa watu wengi. Nikisema, najua Babu ataniangalia na kuuliza swali moja tu: "Alijua wanakwenda kwa kaka yake?" Nami sijui kumdanganya Babu. Ni mzee, na ananipenda kuliko wajukuu wote.

Wengine mtasema ni mambo ya zamani, niyaache. Lakini mtoto yupo hapa, tunamwita "wewe" tu. Dada analia chumbani.

Nishaurini, ndugu zangu. Mngekuwa mimi, Babu mngemwambia?