Mwanya wa Vidole Viwili

Kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi kule Mamba, milimani juu ya Same, kina kipaji ambacho sijakiona kwingine. Kinapokea maelekezo kwa heshima zote, kinashukuru, kisha kinafanya kinyume chake.

Msimu huo tulipata mnunuzi anayesafirisha tangawizi nje ya nchi, na mama yangu akampokea kama mkombozi. Maisha yake yote alikuwa akiwauzia madalali, na madalali hununua kwa lumbesa: gunia linajazwa, linaongezwa kilemba juu, na kilemba hicho hakilipwi. Magoti ya mama yalikuwa yameshachoka na miteremko ile. Kabla hajaweka jembe chini alitaka alipwe kwa kila alichovuna. Mzigo wa kwanza ukipokelewa, mnunuzi angerudi kila msimu. Ukikataliwa, basi tena.

Masanduku yakaja, ya plaiwudi, ile mbao ya tabaka nyembamba zilizogundishwa pamoja, mepesi na yamenyooka. Dada aliyetumwa na mnunuzi alitueleza bila haraka. Yatapangwa moja juu ya jingine, na uzito utabebwa na kuta za sanduku. Tangawizi isiguse kifuniko. Ndani walikuwa wamechora mstari mwekundu, vidole viwili chini ya ukingo, na tangawizi iishie hapo. Bei ni kwa sanduku, kwa hiyo atakayezidisha anajipunja mwenyewe.

"Tumeelewa kabisa," akasema mwenyekiti wetu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kutangazia misiba.

Dada akashuka zake Same. Vumbi la gari lake halijatulia, mwenyekiti akainama kuchungulia sanduku.

"Sasa mwanya huu ni wa nini? Jamani, Wapare tunasemwa wabahili nchi nzima. Leo tupeleke Ulaya masanduku yenye mwanya? Watasema hata tangawizi tumeibania!"

Hapo nikajua tumekwisha. Mpare mwite mgomvi, mpeleke mahakamani, atakushukuru kwa kumpa kazi ya kufanya. Usimwambie tu kwamba ni mchoyo. Watu wazima wakainuka wakajaza hadi ukingo, kisha wakaongeza kilima. Vifuniko vilipokataa kufunga, mwenyekiti alipanda juu na viatu vyake vya Jumapili, akawa anarukaruka huku fundi anapigilia misumari pembeni ya miguu yake. Masanduku yakaota vitambi, juu na chini. Watu waliolia na lumbesa tangu wazaliwe, sasa wanajifungia lumbesa wenyewe, kwa hiari, tena wanaimba.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema. "Na ule mstari je?"

"Marahaba. Mstari ni wa wavivu, mwanangu."

Mama peke yake aliishia kwenye mstari. Jirani akamcheka, "Dada, una mkono wa birika wewe!" Na kwa kuwa sanduku lake ndilo pekee lililotulia sawasawa, wapakiaji wakaliweka chini kabisa kwenye lori, mengine yakapandishwa juu yake.

Barabara ya kushuka mlimani haina huruma. Kila kona masanduku yalichezacheza, na vitambi vya yale ya juu vikabonyeza kifuniko cha mama katikati mpaka kikapasuka. Nilikuwepo ghalani kwa mnunuzi, Same, yalipofunguliwa. Tangawizi zilikuwa zimepondeka, zinatoa maji, na masanduku hayakukubali kupangika hata mawili. Yule dada hakugomba. Alikataa mzigo wote, akaagana nasi kwa adabu, na mnunuzi hakutupigia simu tena. Nilitaka kulia. Zaidi nilitaka kumzaba mtu kibao.

Kikao cha tathmini kilifunguliwa kwa sala ndefu. Mwenyekiti akainua kifuniko cha mama, akakizungusha kila mtu akione.

"Wenyewe mnaona. Lililovunjika ni sanduku moja tu, na ni lile ambalo halikujazwa. Uzembe wa mtu mmoja umetuponza wote."

Vichwa vikatikisika kukubali, hata cha yule jirani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mama akanibana goti ninyamaze. Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, nami nikasema moyoni, haya, sasa watamtambua.

Akawaomba radhi.