Filamu ya Polepole Tuliyompigia Guka

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ukungu unaposhuka kutoka Nyandarua na kufunika Endarasha yetu hii. Jana ilinirudia hata bila ukungu, nilipowaona wewe na wenzako nyuma ya soko mkirushiana mateke mbele ya simu. Teke linaanza mbio, unagusa kioo, linakuwa polepole. Nikacheka peke yangu. Sisi hiyo polepole tuliitolea jasho.

Nilikuwa msichana wa fomu tatu. Guka, baba yake baba yangu, alikuwa na presha ya macho, na daktari kule Nyeri alimwambia bila kuzunguka kwamba giza linakuja na hakuna dawa ya kulizuia. Guka hakulalamika. Alituita mimi na kaka yangu Muriuki, akasema kuna kitu kimoja anataka kuona kwanza.

Alikuwa na dada aliyeitwa Wambui. Guka akiwa mtoto mdogo, bado wa kubebwa mgongoni, walikuwa wakivuka mto, na maji yakaja ghafla kutoka mlimani. Wambui alimtoa mgongoni akamrusha ng'ambo, mjomba wao akamdaka. Yeye mwenyewe maji yakamchukua.

"Hadithi hiyo nimeisimulia maisha yangu yote," Guka alituambia, "lakini sikuiona. Nilikuwa nimefumba macho kwa woga. Ati siku hizi nyinyi vijana mnaweza kutengeneza sinema. Nitengenezeeni nimwone."

Muriuki alikuwa akimsaidia mpiga picha wa harusi mjini, kwa hiyo tukaazimwa kamera ya video, irudi kabla ya harusi ya Jumamosi. Haya, tukapiga. Mimi nikawa Wambui. Binamu yetu mdogo Mumbi akawa Guka, na alikataa katakata kuvaa kaptula mpaka apewe mandazi. Baba akawa mjomba. Nilikimbia, nikapiga mayowe, nikamrusha Mumbi kwa baba, nikaanguka ndani ya nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, ambayo ndiyo yalikuwa mto wetu. Woi, nilijiona staa!

Jioni tukaunganisha televisheni kwenye betri ya gari. Guka akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Sinema ikaisha. Akauliza, "Mnaanza saa ngapi?"

Mwanangu, nilitaka ardhi inimeze. Muriuki akaanza kujitetea, ati sinema za vishindo ndivyo zilivyo. Guka akamkata. "Hiyo haraka ni yenu. Macho yangu ni kama yametiwa uji. Kitu kikipita mbio, sikioni. Wambui alipita mbele yangu mara moja nikamkosa. Sasa mnampitisha tena ili nimkose mara ya pili?"

Mama alitoka nje, nikamsikia akipenga kamasi.

Kamera ile haikujua kupunguza mwendo, na kaseti ukiipunguza ilijaa mistari na kutetemeka. Ikabidi sisi wenyewe tuwe polepole. Unadhani ni rahisi? Jaribu kuanguka polepole uone! Mara ya kwanza miguu ilienda taratibu vizuri tu, lakini leso yangu ikaanguka kwa mwendo wake wa kila siku, na nyuma yangu kuku wa mama akakatiza mbio. Muriuki alicheka mpaka akakaa chini. Lakini usione vyaelea, vimeundwa, nasi tukarudi kuunda. Leso tukaitia waya kwenye pindo ili isimame kama imeshikwa na upepo. Mumbi tukamlaza kifudifudi juu ya ubao, ubao juu ya wilbaro, na mama akainama nyuma ya nepia kusukuma, huku akinung'unika kwamba mgongo wake hauna spea. Kuku wakafungiwa. Halafu tukangoja ukungu, maana ukungu ukishuka hata majani hutulia, na hakuna kinachokimbia nyuma yako kukuumbua.

Uliposhuka, ng'ombe walipotea, nyumba ikapotea, tukabaki sisi tu katika weupe ule. Nilinyoosha mikono taratibu. Nikapumua taratibu. Mumbi akanitoka vidoleni, akaelea kwenda kwa baba, mikono yake wazi, na kwa kitambo nilisahau wilbaro, nikaona mtoto anapaa kweli. Kisha ubao ukaanza kuinama upande mmoja. Sikuthubutu kupiga kelele, kwa sababu betri ya kamera ilikuwa inaisha na tusingepata nafasi nyingine. Nikamkazia Mumbi macho tu, nikimwomba Mungu asianguke, mpaka mikono ya baba ikamshika.

Jioni hiyo Guka alikaa palepale kwenye kioo. Mumbi akatoka mikononi mwangu, akaenda, akaenda. Guka akainua mkono.

"Hapo. Msimshushe bado."

Hakuna aliyegusa kitu. Picha iliendelea kwa mwendo wake uleule.

"Kumbe alikuwa ananitazama," Guka akasema. "Mpaka nikafika, alikuwa ananitazama." Akalia kwa sauti, mzee mzima, na sisi tukalia naye.

Nilifungua mdomo nimwambie ni mimi yule, ni ubao tu ulikuwa unainama. Mama akanishika goti. Na kweli, ningemwambia nini? Macho yale hayakuwa ya kuigiza.

Kabla ya mvua za mwaka ule kwisha, Guka alikuwa haoni tena. Hakuiomba ile kaseti hata siku moja. Mtu akimuuliza habari za Wambui alijibu tu, "Nilimwona."

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi mateke yako, rusha. Lakini usipunguze mwendo ili tusifu mguu wako. Punguza pale mtu anapompenda mwenzake, ili anayetazama apate muda wa kumfikia. Na kabla hujaanza, jiulize ni nani anayengoja kuona, na ni kitu gani kilimpita. Wazee wako nyumbani bado wana macho. Waendee mapema, wala usiniambie uko bize, kwani chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mungu ayatunze macho yako hadi uzeeni. Na siku yatakapochoka, akujalie watoto watakaokubali kurudia polepole mpaka uone.