Si Mti Uliolegeza Mikono ya Kiogora

Kajuju alipanda mti wa miraa. Halikani hilo, wala hajawahi kulikana. Alipanda mchana kweupe, majirani wakimwona, akachuma, akashuka na mzigo wake. Huku juu ya Mikinduri hilo ni jambo kubwa, maana mbaine, ile miraa mikongwe iliyoachwa na mababu, ni miti ya wanaume. Mwanamke haipandi. Basi mtu akitafuta sababu ya kumfukuza, ameshaipata.

Lakini ulizeni alipanda lini! Mumewe, Kiogora, alikuwa fundi wa kufunga miraa ambaye soko zima lilimjua. Kisha vidole vikaanza kumsaliti. Kamba ya mgomba ikamponyoka, kikombe kikamponyoka, shati likamshinda kufunga vifungo. Baadaye mkono wenyewe ukakataa kuinuka, na wale wa ukoo waliokuwa wakija kula kwake sasa wakawa wanatoa pole wakiwa barabarani. Watoto wangekula pole? Ndipo Kajuju akajifunga leso kiunoni, akapanda. Mikono ililegea kwanza, mti ukaja baadaye. Mtoto wa chekechea angeweza kuyapanga mambo hayo mawili, ila wazee wazima walishindwa.

Aliyeshindwa kwa makusudi ni Kailemia, kaka mkubwa wa Kiogora, mtu wa kiti cha mbele kanisani. Siku ya kusikiliza majibu ya damu, ndiye aliyewasindikiza hadi Embu kwa Daktari Wawira, mama asiyependa kuzungukazunguka.

"Sikieni," daktari alisema. "Mwili ukichoma chakula upate nguvu, kuna takataka inatoka, kama moshi ya jikoni. Mwili uko na vimeng'enya vya kuondoa hiyo takataka. Kimoja cha Kiogora kilitengenezwa vibaya tangu azaliwe. Kinajikunja, kinagandana ndani ya neva za kuendesha misuli, na hizo neva zinakufa pole pole. Akili yake iko sawa. Ni mikono, miguu, ulimi, na mwisho ni pumzi."

"Si tumnunulie ile unga ya kusafisha sumu mwilini?" Kailemia akauliza. "Wanauza hapo mjini."

"Wacha pesa yako ikae. Shida si ati kimepungua tuongeze. Shida ni hicho chenye ako nacho kimeharibika. Ng'ambo kuna sindano ya kupunguza mwendo wake, lakini hapa sina." Daktari akamgeukia kabisa. "Na hii kitu kwa kawaida inatoka kwa mzazi. Kila mtoto wa mgonjwa anaweza kuipata ama aikose, nusu kwa nusu. Ndiyo nauliza, kwenu kuna mwingine alilegea hivi?"

"Hakuna," Kailemia akajibu, upesi mno. "Baba yetu alianguka kwa mti. Sisi ni watu wa nguvu."

Kiogora alifumba macho. Kajuju alikuwa ameishi na mtu huyu miaka mingi, akajua kwamba kufumba huko si kwa uchovu. Usiku alimuuliza. Kiogora akageuza uso ukutani, na yeye shingo bado alikuwa anaiweza.

Wiki haikuisha kabla Kailemia hajawaita wazee wa ukoo uani kwa Kiogora. Alikuwa ameyasikia yote ya daktari kwa masikio yake mawili, na bado alisimama akasema mke wa ndugu yake alipanda mbaine, na laana ikashuka mikononi mwa mume. Arudi kwao. Watoto wabaki, kwa kuwa ni wa ukoo. Alilisema hilo la watoto kama anayegawa mbuzi!

Kajuju alihisi damu ikimpanda kichwani. Hakulia. Angelilia wangesema ni hatia.

"Baba Munene," akamwambia shemeji yake kwa heshima aliyoitafuta kwa shida, "daktari alikuuliza swali. Sasa mimi namuuliza mwenye mwili."

"Mgonjwa hawezi kuongea. Usimsumbue."

"Anaweza, mkingoja. Shida yenu ni hamngoji." Akachutama mbele ya kiti cha mumewe. "Kiogora, ukinyamaza leo naenda. Watoto wetu watakua wakijua mama yao ndiye alikuua, na siku vidole vyao vitaanza kulegea watatafuta nani alipanda mti. Ndivyo unataka?"

Wakangoja. Kuku walipita, mzee mmoja akakohoa. Kiogora alilisukuma kila neno kama mtu anayesukuma mkokoteni matopeni.

"Baba... hakuanguka. Mikono. Kisha miguu. Na shangazi Njoki... hivi hivi." Akavuta pumzi. "Nilijua."

"Niko na wasichana wanne!" Kailemia akafoka. "Hii ikijulikana nani atawaoa? Yeye alitoka kwa watu, si anaweza kurudi kwa watu?"

Loo, hapo ndipo palipokuwa! Ukoo mzima ulikuwa umeona afadhali mwanamke mmoja abebeshwe laana kuliko mabinti kukosa posa. Wazee wakakumbuka kwamba wana ng'ombe wa kunywesha, wakachukua kofia zao. Hakuna aliyemwambia Kajuju pole. Hakuna aliyesema tena arudi kwao.

Alibaki uani na mumewe, ameshinda, na hasira ikiwa ndiyo kwanza inachemka. Akamfuta mate kidevuni.

"Ulijua ukinioa?"

Kiogora akainamisha kichwa, ndiyo.

"Na nikazaa, ukijua. Na wakanitukana hapa kwangu, ukijua."

Machozi yakamtiririka Kiogora, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kajuju aliyatazama. Mara hii hakuyafuta.

"Siendi popote," akasema. "Lakini watoto wetu, Mukiri na ndugu yake, wakitoka shule, utawaambia wewe, si mimi. Utawaambia kwa huo mdomo, leo, ukiwa bado nao."

Akakishika kiti, akakigeuza, mumewe akatazamana na njia ya kutoka shuleni.